Moshi wa Dina Shambani Maore

"Dina! Lala chini!"

Dina akajitupa kwenye matope ya mpunga. Ndege ya kunyunyizia dawa ya viwavi ikapita juu yake, gurudumu likararua bendera nyeupe aliyoishika. Yangeyange wakapiga mabawa, wakainuka shamba zima, weupe tupu, wakaifunika milima ya Upare hadi kileleni.

Tumainieli, rubani wa zamu ya pili, aliyekuwa amepiga ukelele ule, akamfikia mchumba wake akihema.

"Umeumia?"

"Sijaumia. Moto ulinizimikia."

"Moto gani tena?"

Dina akatazama pembeni. Kazi yake ilikuwa kusimama na bendera mwisho wa shamba, rubani aione, anyooshe ndege, ndipo ampishe. Lakini tangu masika alikuwa anachoma majani mabichi nyuma yake.

"Baba haoni bendera, Tuma. Bendera na yangeyange kwake ni kitu kimoja. Anafuata moshi."

"Na umenyamaza!"

"Tangu mama afe, ana nini kingine zaidi ya ile ndege?"

"Nami nilishuku macho yake, jana nikamwambia mkubwa wa ofisi ya kilimo. Kanijibu, 'Nchi inataka chakula, ndugu. Marubani wenyewe mko wawili.' Akajimiminia chai."

Ndivyo walivyo wakubwa wa ofisini. Ndege ikianguka watakuja na gari kusoma hotuba. Gari hilohilo mama yake Dina alilisubiri kitandani limpeleke hospitali, mpaka akakata roho.

"Nitamwambia mwenyewe," Tumainieli akasema.

"Hatakupa mke."

"Nisipomwambia, siku ya harusi nani atakaa kwenye kiti chake?"

Alasiri wakamkuta Mzee Sefania, baba yake Dina, kwenye uwanja wa ndege wa Same, anasugua kioo cha ndege kwa kitambaa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kioo hiki kina ukungu, kinanitia hasira."

"Kioo kimetakata, Mwalimu."

Mkono wa mzee ukasimama.

"Unasemaje?"

"Ni macho yako. Leo umerarua bendera, na Dina alikuwa ameishika."

"Wewe! Nimekufundisha kuruka ukiwa unatapika kwenye kofia! Leo unataka anga yote iwe yako?"

"Nifukuze mimi. Nitarudi Usangi nikalime kahawa. Na mchumba ninyime. Lakini kesho usiruke, baba."

Dina akamwekea baba yake ile bendera iliyoraruka kiganjani. Mzee akaipapasa.

"Na ule moshi? Nilidhani watu wanachoma mabua. Nikasema Mungu kanionea huruma."

"Ni mimi, baba."

Sefania akainua uso kuelekea milimani. Jua lilikuwa limeipaka rangi ya shaba, mikubwa, kimya, ya kutisha.

"Kila asubuhi nautazama mlima, nauona, nasema macho yangu mazima. Kumbe nauona kwa sababu ni mlima." Akamgeukia Dina. "Mwanangu nisimwone!"

Akavua kofia ya urubani, akamvisha Tumainieli mwenyewe, akaukaza mkanda chini ya kidevu.

Asubuhi yake mzee akasimama Maore kando ya Dina na bendera mpya. Mngurumo ukateremka kutoka upande wa Gonja.

"Usiniambie," mzee akasema, jicho limefumbwa, sikio limeinuliwa. "Anakata kona... anashuka... kanyooka! Sikiliza hiyo, mwanangu! Haya, tumpishe."

Wakapisha. Ndege ikapita mlemle ilimotakiwa, na yangeyange wakapaa tena mbele ya mlima. Sefania akawasikia mabawa, machozi yakamtoka.

"Mwambie atume mshenga, tupange harusi," akasema. "Ila wale wa ofisini wasialikwe. Watakuja na hotuba."