Korongo Upande wa Wifi

Karakanani walikuwamo watu wanne: Mama mwenye karakana, binti yake, mke wa mwanawe, na Bi Mabuti, mtaalamu wa mabwawa, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya viatu vyake virefu vya mpira.

Karakana ilisuka mapazia ya matete. Binti alikata upande mmoja wa bwawa, wifi yake upande wa pili. Kwa wifi, matete yalisitawi na korongo walijaa. Kwa binti vilibaki vishina vyeusi. Mama alikwisha kusema: atakayekosa matete msimu huu atamwachia mwenzake bwawa zima.

"Ananiibia!" binti alisema. "Hata korongo wamehamia kwake."

"Korongo nao nimewaiba, wifi? Basi nipekue mifukoni."

Mama alicheka. Binti hakucheka.

Bi Mabuti aliweka kishina cheusi mezani. "Hiki ulikikatia wapi, dada?"

"Chini ya maji."

"Kwa nini?"

"Mama alisifia mafungu marefu ya wifi mbele ya wateja. Nilitaka yangu yazidi."

"Basi sikiliza. Korongo husimama miguu majini, pua juu. Tete nalo ni hivyo hivyo. Mizizi yake imo topeni, na hewa huifikia kupitia bua. Ukikata chini ya maji, maji huingia ndani ya kishina. Mizizi hukosa pumzi, ikaoza. Ngoja bua likauke, kisha kata juu ya maji."

"Na korongo?"

"Wanafuata samaki wadogo wanaojificha kwenye matete. Wewe umewafukuza samaki. Tofauti ni hii: korongo akikosa riziki huruka. Tete haliwezi kuhama. Lakini ukingoni kwako nimeona machipukizi. Usiyaguse."

Binti alimgeukia wifi yake. "Nawe ulijua?"

"Nilijua. Mwaka jana nilianza kukueleza, ukaniambia nishike yangu."

Binti aliinama. Kisha alisimama, akauchukua mundu wake ukutani.

"Mama, nisikieni nyote. Upande wangu haukatwi mpaka korongo warudi. Msimu huu nitabeba mafungu ya wifi."

Akamkabidhi wifi yake mundu.

"Kaa nao wewe. Wivu bado ninao, na mkono wangu unaweza kushuka tena majini."