Jina Lililoitwa Mara Tatu

Mtaani walimwita Fundi, na hilo ndilo jina pekee ambalo halikuwahi kumletea taabu.

Alishona sare za shule na makoti ya wahudumu wa hospitali. Cherehani yake ilibanwa kati ya dirisha na kitanda cha mtoto. Wateja wengi walimfuata kwa kazi ya kutarizi majina kifuani. Mtu akileta koti lililoachwa na mwenzake, Fundi alifumua jina la zamani, akapiga pasi, akatarizi jipya. Kwake, kubadilisha jina ilikuwa kazi ya asubuhi moja tu.

Mumewe alikuwa mwoka mikate. Alipata ajira nchi ya mbali, akaondoka mtoto wao akiwa bado tumboni. Alipotulia huko, alipeleka maombi ofisi ya uhamiaji ili mkewe na mtoto wamfuate. Jina la mkewe aliliandika kama lilivyo kwenye pasipoti, pamoja na jina la ukoo wa baba yake. Ikabaki kungoja.

Mtoto alikuwa wa kike, na kwa mashavu yale walimwita Kibonge. Baba alimjua kama sauti inayotoka kwenye simu. Simu ya mtu yeyote ikilia, hata ya mpita njia, Kibonge aliinua kichwa akasema, "Baba." Watu walicheka. Fundi naye alicheka, kisha akainamia cherehani ili wasimwone macho.

Nyumbani mule aliishi pia mama mkwe. Hakuwa mtu mbaya, ila akishika jambo haliachii, na mwaka ule alikuwa ameshika jambo la jina. Alisema mke anayetumia jina la kwao ni kama mgeni aliyeacha mzigo mlangoni. Tena alisema watu wa uhamiaji si wajinga. Wakiona mume ana jina hili na mke ana lile, watajua ndoa ni ya kubuni.

Maneno yakamwingia Fundi. Akaenda kubadilisha kitambulisho, akachukua jina la ukoo wa mumewe. Hakumwambia mumewe, kwa sababu alitaka iwe zawadi ya siku watakapokutana. Pasipoti hakuigusa, na ofisi ya uhamiaji hakuiarifu. Mama mkwe alifurahi kupita kiasi. Kila asubuhi alimwita kutoka jikoni kwa jina jipya, ili alizoee, na Fundi akaitika.

"Na lile la zamani," mama mkwe alimwonya, "wakikuita nalo, usiitike. Ukiitika tu, umejikana kuwa mke."

Siku ya mahojiano ikafika. Ukumbi ulikuwa na viti vya chuma, na karani alikaa nyuma ya kioo akiita watu kwa kipaza sauti. Fundi alimpakata Kibonge. Hakungoja sana. Karani akasoma jina lake, pamoja na jina la ukoo wa baba yake, mwashi aliyemlea kwa jasho lake.

Miguu ilitaka kusimama, akaizuia. Mkobani alikuwa na kitambulisho chenye jina jingine. Alijiambia kwamba wataita na lile la pili. Karani akaita tena. Akaita mara ya tatu, akatazama ukumbini, na macho yake yakapita juu ya Fundi kama anayepita juu ya kiti kitupu. Kisha akachukua faili la mtu mwingine. Fundi alikaa palepale mpaka watu wakaisha, mlinzi akaanza kupanga viti. Aliposogea dirishani kuuliza, pazia lilikuwa limeshashushwa.

Mtu akiitwa akanyamaza, ofisi haina namna ya kusoma moyo wake. Waliandika kwamba hakufika. Muda si mrefu mumewe akapata taarifa kuwa maombi yamefungwa, akapiga simu.

"Siku ile ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo."

"Ulikuwepo wapi? Wanasema hukufika."

Fundi alitafuta pa kuanzia, hakupaona. Kila neno lilimrudisha kwenye zawadi yake, na zawadi yenyewe sasa ilimtia aibu.

"Kama hutaki kuja, mke wangu, niambie tu," mumewe alisema taratibu. "Nitaelewa."

Simu ikakatika. Kibonge aliendelea kuiita, "Baba, baba," na Fundi akaifunika kwa mto.

Kuanzia hapo Fundi alikata tamaa kabisa. Alikaa mbele ya cherehani bila kukanyaga pedali. Chakula alikigusa tu. Akilini alimwona mumewe akizeeka peke yake kwenye joto la tanuri, akiamini kwamba alikataliwa, na mtoto akikua anaita simu za watu. Mama mkwe naye alinyamaza. Kimya chake kilikuwa kizito kuliko maneno yake yote, na asubuhi hakumwita tena kwa jina lolote.

Jirani wa chumba cha pili alikuja kuchukua sketi yake. Walimwita Mama Miwani, maana kila siku aliitafuta miwani iliyokuwa kichwani mwake. Alifanya kazi ofisi ya msaada wa kisheria. Alikuta sketi haijaguswa, akamtazama Fundi, akavuta kigoda. Fundi akamweleza yote. Ilikuwa mara ya kwanza kuyasema kwa sauti.

"Sasa nani kakwambia ndoa inakuvua jina?" Mama Miwani aliuliza. "Ukiolewa, pasipoti haijibadilishi yenyewe. Nchi nyingi zinakuachia mwenyewe uchague, ubadilishe au ubaki nalo. Kinachoonyesha kwamba umeolewa ni cheti cha ndoa."

"Basi nimevunja sheria, shoga yangu?"

"Kubadilisha si kosa. Umekosea kubadilisha karatasi moja katikati ya safari, halafu ukakaa kimya. Wao wana faili la mwanamke mmoja. Wewe una karatasi za wanawake wawili. Watajuaje ni wewe?"

Alimweleza polepole. Jina kwenye maombi, kwenye pasipoti na kwenye tiketi liwe moja. Anayetaka kubadilisha jina maombi yakiwa yanaendelea, aiulize kwanza ofisi yenye faili lake. Mara nyingi ni rahisi zaidi kungoja kibali kitoke. Na kama ameshabadilisha, aseme mapema, asingoje kuulizwa.

"Kila nchi ina utaratibu wake," aliongeza. "Usimuulize jirani. Hata mimi usiniamini tu, tutawauliza wao."

"Tuwaambie nini?"

"Ukweli wote."

"Hata kwamba niliitwa nikanyamaza?"

"Hasa hilo."

Kesho yake walikwenda kwa wakili. Fundi aliapa kwamba majina yale mawili ni ya mtu mmoja, na akapewa hati ya kiapo. Wakaambatanisha nakala ya cheti cha ndoa, ya pasipoti na ya kitambulisho kipya. Ombi la kufungua faili upya ilibidi lipelekwe na mumewe, kwa kuwa ndiye aliyeomba tangu mwanzo. Kwa hiyo Fundi alipaswa kumpigia na kumweleza. Alieleza akilia, tangu zawadi mpaka pazia la dirisha.

"Kumbe ulikuwepo," mumewe alisema, kisha akaomba atumiwe hati zile apeleke ombi.

Fundi alimuuliza Mama Miwani kama watakubaliwa. Mama Miwani alijibu kwamba anaweza kumwahidi barua nzuri, ila hawezi kumwahidi jibu zuri. Na jibu lilichelewa. Mvua zilikuja zikaondoka. Kibonge alijifunza kutembea, kisha kukimbia. Jibu lilipokuja, lilisema faili limefunguliwa, lakini wanarudi mwisho wa foleni. Fundi alilia siku ile kana kwamba wamekataliwa. Kisha akakanyaga pedali, kwa sababu sare za watu zilikuwa zinangoja.

Walipoitwa tena, mama mkwe alivaa viatu vyake vizuri, akasema hawaendi bila yeye. Ukumbi ulikuwa uleule, na viti vilevile vya chuma. Karani akasoma jina kwa kipaza sauti, jina la binti wa mwashi. Fundi alijua cha kufanya, lakini lile onyo la zamani likamshika kitini. Karani akaita mara ya pili.

"Yupo!" Mama mkwe alikuwa amesimama, mkono juu. Kisha, yeye ambaye hakuwahi kulitamka jina lile nyumbani, alilitamka lote, mpaka la ukoo. "Yuko hapa. Nenda, mwanangu, unaitwa."

Fundi alieleza habari ya majina mawili kabla hajaulizwa. Ofisa alilinganisha hati, akauliza machache, akaandika. Baada ya kungoja tena, kibali kilitoka kwa jina la pasipoti. Tiketi ikakatwa kwa jina hilohilo. La mumewe angelifikiria akishafika, kwa utaratibu wa huko.

Mama mkwe hakuwamo kwenye maombi. Siku ya safari aliwasindikiza mpaka mlango wa abiria. Alikumbatia mtoto, akakumbatia mama, akaahidi kupiga simu.

Walipotoka upande wa pili, mwoka mikate alikuwa pale, nywele zimeingia mvi. Kibonge alimkazia macho. Sauti aliijua, uso hakuujua. Baada ya kitambo alikubali kubebwa, akaishika shingo ya baba yake.

Mkobani mwa Fundi simu ikalia. Kibonge aliinua kichwa kutoka begani mwa baba yake.

"Bibi," alisema.