Mimi Si Mshauri Wako

Lifti ya hospitali ilikuwa mbovu, watu wamejazana ngazini, na katika kusukumana huko nesi akammwagia chai kijana mmoja aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka.

"Samahani kaka! Nimekuunguza?"

"Umenibadilishia rangi ya shati tu, dada."

Juu ghorofani wakagundua wanaingia darasa moja, la kujifunza kuwasaidia watu walionaswa na ulevi na dawa za kulevya. Kijana huyo alikuwa kinyozi. Pombe ilimla ujana wake, akaiacha kwa taabu, na sasa alitaka kuwashika mkono wenzake.

Mkufunzi aliwafundisha: mgonjwa usimkemee, mrudishie maneno yake ajisikie mwenyewe. Wawili hao wakafanya mazoezi pamoja, mmoja mshauri, mwingine mlevi, hadi mazoezi yakahamia kwenye simu, na simu zikawa za "umekula, mpenzi?" Nesi alipenda, tena alipenda kweli.

Kisha kinyozi akafiwa na mama yake mzazi. Wiki moja baada ya maziko, simu ya nesi ikalia.

"Mpenzi, niko mlangoni pa baa."

Nesi alitaka kupiga kelele, "Toka hapo, nakuja!" Badala yake ikamtoka sauti ya darasani, ya upole na utulivu.

"Nasikia unasema uko mlangoni pa baa. Unajisikiaje ukiwa hapo?"

"Nimempigia mpenzi wangu," kinyozi akasema, "kapokea mshauri." Akakata.

Darasani hakuonekana tena, na simu hakupokea. Nesi alijilaumu hadi chakula kikamshinda, na kusema kweli alistahili kujilaumu. Jumamosi akavaa gauni lake la bluu, akaenda kinyozini. Akamkuta peke yake, anafuta mashine ambayo ilishatakata.

"Uliingia?"

"Niliingia. Nikanywa mpaka wakanitoa. Tangu hapo sijagusa, lakini darasani nitarudi na uso gani?"

Machozi yakamtoka nesi, akamtupia mkoba kifuani.

"Kwa nini ulikata simu kabla sijakwambia nakuja? Nilikuwa na hofu, nilikuwa na hasira, mwanaume wewe!"

"Mkufunzi akikusikia atakufelisha."

"Anifelishe! Mimi si mshauri wako, na sitakuwa tena. Jumatatu twende wote kwa mkufunzi, akutafutie mshauri mwingine. Mimi nataka kuwa mke wako, nikukasirikie kama mke."

Kinyozi aliinamisha kichwa.

"Na nikianguka tena?"

"Nitalia. Nitakufokea. Halafu nitakufuata hukohuko ndani, nikutoe."

Kinyozi akaweka mashine mezani.

"Basi nenda kwenu," akasema. "Waambie nakuja kuposa. Na usiwafiche kwamba nilikunywa."

"Nitawaambia yote mawili," nesi akasema, akamshika mikono yote miwili.