Mkono wa Fundi Damascène

Pale Gisozi, Kigali, kwenye karakana za Agakiriro, fundi Damascène anajulikana kwa vitanda. Vitanda vyake havilii. Wateja humtania kwa hilo, naye huwajibu, "Kitanda kikilia, mletee fundi. Usimlaumu mke wako." Ndivyo alivyo, mtu wa kazi na maneno.

Mke wake ni Générose. Alikulia Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, na Kiswahili chake ni cha huko, cha haraka na cha sauti kubwa. Asubuhi moja alikuwa nje akichambua maharagwe. Damascène alikuwa ndani akinywa chai na mdogo wake, Cyriaque. Mara kikombe kikaanguka.

"Baba Uwase! Hicho si kile kikombe kizuri?" Générose alimfokea mumewe kwa jina la mtoto wao.

Akaingia ndani. Mume wake alikuwa ameegemea ukuta. Upande mmoja wa mdomo umeshuka. Mkono wa kulia unaning'inia. Alijaribu kusema, lakini maneno yalivurugika, hakuna lililoeleweka.

"Amepewa sumu!" Cyriaque alipiga kelele. "Jana alikunywa bia kwa watu. Leta maziwa, shemeji! Haraka!"

Nani Kigali asiyeijua dawa hiyo? Mtu akidhaniwa amekula sumu, hunyweshwa maziwa. Générose alikimbia, akaleta kikombe, akammiminia mumewe kinywani. Maziwa mengine yalitokea pembeni ya mdomo. Mengine yakampalia. Damascène akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Acha! Acha hayo maziwa!"

Huyo alikuwa Mukunde, jirani yao na mshauri wa afya wa mtaa. Kelele ndizo zilizomleta. Alimlaza Damascène kwa ubavu, akamtazama usoni.

"Hii siyo sumu," alisema. "Ona, mdomo umepinda. Mkono umelegea. Maneno hayaeleweki. Hiki ni kiharusi. Mtu wa kiharusi anaweza kushindwa kumeza. Maziwa yakiingia mapafuni, mtamuua kwa mikono yenu."

"Basi tumwache apumzike kidogo," Générose alisema.

"Kupumzika gani, mama? Ubongo wake unaumia sasa hivi! Mimi napiga 912. Wewe kumbuka ilianza saa ngapi. Daktari atakuuliza."

Gari la wagonjwa lilikuja. Hospitalini Damascène alipigwa picha ya kichwa. Daktari aliwaeleza kwamba damu ilikuwa imeganda na kuziba mshipa mmoja wa ubongo. Sehemu iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo ilikosa damu. Ndiyo maana mkono ulilala. Akampa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda.

"Mngechelewa, dawa hii isingefaa tena," daktari alisema. Générose alimkumbuka Mukunde, akasema kimoyomoyo, Mungu akubariki, jirani.

Kesho yake uso wa Damascène ulianza kunyooka. Maneno nayo yalianza kurudi, moja moja. Lakini mkono wa kulia, hola! Générose aliufunga vizuri ndani ya kitenge ili upumzike. Alimlisha, alimfuta uso, alimfunga vifungo vya shati. Hakumwacha afanye kitu hata kimoja.

Cyriaque alimwita pembeni, kwenye korido.

"Shemeji, usinichukie. Ule mkono umekufa. Kule Agakiriro kuna fundi mwingine anaitaka meza ya kazi ya kaka. Tumpe, tusiwafungie watu nafasi."

Générose alihisi kama amepigwa kofi. Meza ile Damascène aliitengeneza mwenyewe alipokuwa kijana. Kuitoa ni kumwambia mwenyewe akisikia: wewe umekwisha. Lakini je, kama Cyriaque anasema kweli?

"Nipe mpaka Jumamosi," alisema.

Akarudi kitandani kwa mumewe na swali hilo moja kifuani. Mkono huu utaamka, au hautaamka? Nani wa kumwambia?

Mchana huo akaja dada mmoja mwenye koti jeupe.

"Shikamoo, mama. Naitwa Mugeni. Mimi ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo."

"Marahaba, mwanangu," Générose alijibu. Alifurahi kusikia Kiswahili. "Wewe umekulia Tanzania, nasikia."

"Ndiyo, mama. Nimekulia Mwanza. Pamoja na kazi ya mazoezi, niko kwenye utafiti. Tunataka kutabiri nani atapona baada ya kiharusi, na kwa kiasi gani. Nimekuja kuwauliza kama mngependa kushiriki."

Générose alisimama wima. Rozari ilikuwa tayari mkononi.

"Kutabiri? Pardon, dada. Sisi ni Wakatoliki. Hatutabiriwi! Jirani yangu mmoja alitabiriwa na nabii wa uongo kwamba amepona. Akatupa dawa. Tumeshamzika."

Damascène akacheka. Alicheka kwa nusu ya mdomo, lakini alicheka. Mugeni hakucheka. Alivuta kiti, akakaa.

"Pole sana, mama. Neno nimelichagua vibaya. Mimi siotei, sipigi ramli, na ya kesho siyaoni. Hebu nimuulize fundi. Baba, mtu akikuletea ubao, unajuaje kama utafaa kwa kitanda?"

Damascène alifikiri. Maneno yalikuja taratibu.

"Na... naugonga. Naangalia... nyuzi zake."

"Halafu unajua?"

"Mara nyingi."

"Siyo kila mara?"

"Si... siyo kila mara."

"Na huo ujuzi uliupata wapi?"

"Kwa mbao... zilizopita."

"Basi na sisi ni hivyo hivyo," Mugeni alisema. "Tunampima mgonjwa siku za mwanzo. Baada ya miezi tunampima tena. Tukishapima wengi, tunajifunza dalili ipi ya mwanzo inaonyesha nini baadaye. Hayo ni makadirio. Siyo hukumu, wala siyo unabii."

Générose aliketi tena, polepole. Aibu kidogo ilimpata, lakini rozari hakuiweka.

"Na tukikataa?"

"Matibabu yanabaki yale yale. Na mkikubali leo, mna ruhusa ya kujitoa kesho. Hakuna atakayewachukia. Lakini mwenye mkono ni baba. Tumuulize yeye."

Damascène aliitikia kwa kichwa. Mugeni akakifungua kile kitenge, akautoa mkono.

"Baba, inua mkono kwa pembeni, kutoka begani."

Bega lilipanda kidogo, likashuka.

"Vizuri. Sasa nyoosha vidole."

Vidole vililala tu. Générose alivikazia macho. Paji la uso la Damascène lilitoka jasho. Bado vililala. Ndipo kidole cha shahada kikafunguka kidogo. Na cha pili yake kikafuata.

"Yezu wangu!" Générose aliruka. "Vimesogea! Baba Uwase, vimesogea!"

Mugeni alitabasamu. "Vimesogea. Tumeona kwamba wengi ambao bega na vidole vyao husogea siku hizi za mwanzo, huja kutumia tena mkono. Wengi, mama, siyo wote. Na mkono hauamki peke yake. Unataka kazi. Sasa niambie, nani anamlisha?"

"Mimi!" Générose alisema kwa fahari.

"Na nani anamfunga vifungo?"

"Mimi tena. Nani mwingine?"

"Unampenda, naona. Lakini mapenzi hayo yanaulaza mkono. Mpe kijiko ashike mwenyewe. Akimwaga, mwache amwage. Na hiki kitenge ukivae wewe, mama, utapendeza."

Hapo wote watatu walicheka. Kisha Générose akauliza swali lililokuwa likimsumbua.

"Hao mliowapima kabla yetu, wako wapi?"

"Wengine wako kazini. Wengine mikono yao haikuamka. Wengine wamefariki."

"Na wao pia walikubali kupimwa?"

"Walikubali. Hao ambao hawakupona nao wametufundisha. Bila wao nisingekuwa na la kukuambia leo."

Générose aliutazama mkono wa mumewe. Watu asiowajua walikuwa wamelala kwenye vitanda kama hiki, wakajitahidi kunyoosha vidole, vikakataa. Na jibu lake lilitoka kwao. Machozi yalimtoka, wala hakuyaficha.

Jumamosi Cyriaque alikuja.

"Meza haitoki," Générose alimwambia.

"Na asipopona, shemeji?"

"Asipopona tutakaa chini tuongee. Lakini vidole vimesogea mbele ya macho yangu. Huwezi kumzika mtu ambaye bado anatapatapa. Wewe nenda ukaifunike ile meza, isinyeshewe."

Cyriaque alitaka kubishana. Akamtazama shemeji yake usoni, akaona heri aende kuifunika.

Waliporudi nyumbani, kazi haikuwa rahisi. Damascène alimwaga uji. Alimwaga maharagwe aliyopewa ayachambue kwa mkono wa kulia. Siku moja alikirusha kijiko ukutani, akasema hataki tena. Générose alikiokota, akakiosha, akakirudisha mkononi mwake. "Kasirika," alimwambia, "lakini kasirika kwa mkono wa kulia." Na kila asubuhi alimpa dawa ya shinikizo la damu. Alikuwa nalo muda mrefu bila kujua, kwa sababu hakuwahi kupima. Mukunde alipita mara kwa mara kumpima, na sasa Cyriaque naye alikunja mkono wa shati akapimwa.

Miezi ilipita. Mugeni alimpima tena. Bega lilipanda mpaka juu. Vidole vilifunguka na kujikunja. Misumari midogo bado ilimshinda, na jioni mkono ulichoka upesi. Lakini randa alilishika, na ubao ukatoa maranda. Akarudi kwenye meza yake Agakiriro. Cyriaque ndiye aliyempigilia misumari midogo, na Damascène hakuacha kumtukana kwa kuipinda.

Jumapili moja baada ya misa, waliwaita Mukunde, Mugeni na Cyriaque nyumbani kula. Kulikuwa na ndizi, maharagwe na nyama ya mbuzi. Kabla ya kula, Générose alisimama kusali.

"Mungu wetu, asante kwa jirani aliyetukataza maziwa. Asante kwa madaktari. Asante kwa Mugeni, ambaye nilitaka kumfukuza kama mchawi. Na wale waliopimwa kabla yetu, ambao majina yao hatuyajui, wabariki. Wale ambao mikono yao haikuamka, wabariki zaidi. Sisi tunakula matunda yao."

"Na wale... watakaoletwa kesho," Damascène aliongeza. "Mkono wangu... uwasaidie."

Halafu akafanya ishara ya msalaba. Tangu augue, alikuwa akiifanya kwa mkono wa kushoto. Leo aliinua wa kulia. Ulipanda taratibu mpaka kwenye paji la uso. Ukashuka kifuani. Ukavuka mpaka bega la kushoto, ukarudi la kulia. Vidole vilikuwa vimenyooka.

Générose alifungua mdomo aseme amina, sauti ikakataa. Cyriaque ndiye aliyeisema kwa niaba yake, kwa nguvu, mpaka majirani wakasikia.