Kitendawili cha Penye Jiwe Jeusi

Kila Jumamosi Blandina alimpakia punda mahindi, akamfunga kengele shingoni, akashika njia ya kwenda kwenye mashine ya kusaga. Zamani njia hiyo ilikuwa fupi, maana alikwenda na Babu Tluway, na Babu alikuwa na maneno mengi kuliko mahindi yaliyomo guniani.

Kabla ya kupita chini ya mteremko mkali, Babu alisimama penye jiwe jeusi. Aliijaza kengele nyasi isilie, kisha akasema, "Kitendawili!" Wajukuu wakaitikia, "Tega!" Aliyetegua alivuka peke yake mpaka kwenye mti wa mringaringa upande wa pili, wengine walingoja zamu yao. Mchezo mtamu ulioje!

Kitendawili chake cha mwisho hakikuteguliwa: "Kiangazi chote amelala, akinywa maji, huamka akatembea." Babu alipodai mji, Blandina alikataa katakata. "Sikupi, Babu. Nitakitegua mwenyewe." Kabla mvua hazijarudi, Babu akafariki.

Jumamosi hii mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha mpaka alfajiri. Sabina, binti wa baba yake mdogo, alikuwa na haraka, kwani nyumbani unga ulikuwa umekwisha. Walipofika penye jiwe jeusi, Blandina alisimama. Aling'oa nyasi, akaijaza kengele.

"Unafanya nini tena?" Sabina aliuliza.

"Namkumbuka Babu. Kitendawili!"

"Wewe nawe! Na foleni ya mashine atatukalia nani? Mimi napita."

Akaenda. Kengele ikiwa kimya, Blandina alisikia vijiwe vikidondoka, tok, tok, kama mahindi yanayopukuchuliwa. Akainua macho. Juu kabisa udongo ulikuwa umepasuka ufa mrefu, na ufa ulikuwa ukizidi kufunguka.

"Sabina! Rudi! Mlima unashuka!"

Sabina aligeuka akicheka. Alipouona uso wa mwenzake, alitimua mbio. Alipolishika tu lile jiwe, mteremko ukaachia. Udongo, mawe na vichaka viliporomoka kwa kishindo, vikaifukia njia pale pale alipokuwa amesimama.

Walizunguka kwa barabara kubwa, wakafika nyumbani jioni, unga wameupata.

Bibi Selestina aliwasikiliza, mwiko mkononi. "Babu yenu hakuwa akicheza," alisema. "Ujanani walipita pale kundi zima, wakiimba, mvua zimeanza tu. Mdogo wake hakutoka. Tangu hapo alivuka kimya, mmoja mmoja, wengine wakiangalia juu. Na kwa kuwa watoto hawapendi kungojeshwa, akawategea vitendawili."

"Na mimi nilicheka," Sabina alinong'ona.

"Umerudi, mama, inatosha. Lakini shikeni hili: ardhi iliyokaushwa na jua hunywa kwa pupa, na mvua ya kwanza si ya kuaminiwa. Zungukeni, hata kama mtakuta mashine imefungwa. Unga wa kesho haumzidi mtu wa leo. Asubuhi tutaiziba ile njia kwa miiba."

Blandina aliruka. "Bibi! Kiangazi chote amelala. Akinywa maji, huamka akatembea. Ni udongo wa mlimani!"

Bibi alikitazama kigoda cha Babu, kitupu kando ya moto.

"Umetegua, mjukuu wangu," alisema taratibu. "Na mji wako umebaki nao."