Swichi ya Nne

Swichi za mtandao zilikuwa tatu. Paskalia alizifunga kabatini kwa mikono yake, moja juu ya nyingine, akaziunganisha zifanye kazi kama kitu kimoja: moja ndiyo mkubwa wa kutoa amri, nyingine zinatii. Mchana huo mtandao wa mgodi ulikatika ghafla, na kompyuta yake ikawa inamwambia ziko nne.

"Umeangalia vizuri?" Chacha, fundi mwenzake, alinong'ona.

"Hesabu wewe."

Chacha alizihesabu kwa kidole. Tatu.

Paskalia alikuwa ameingia kwa waya wa konsoli, ule unaochomekwa kwenye swichi yenyewe bila kupitia mtandao, ili fundi apate mlango hata vingine vyote vikifa. Hakuwahi kujiuliza nani mwingine angeweza kuutumia. Wenye mgodi walikijenga chumba hicho juu ya duara la zamani, shimo lililofukia wachimbaji wake, na walipoombwa wafanye tambiko kwanza, walicheka sana. Wao walikuwa mjini wakila kiyoyozi. Chini ya ardhi alikuwa Donatus, mume wa Paskalia, na feni za kuwapelekea wachimbaji hewa zilikuwa zimesimama, maana amri za kuziendesha zilipitia kwenye swichi hizo.

Kioo cha kompyuta kikajiandika, kikimwita kwa jina la mwanawe: Shikamoo, Mama Limi.

Paskalia alilelewa vizuri. Vidole vilijibu kabla ya akili: Marahaba.

"Umefanya nini?" Chacha alirudi nyuma mpaka ukutani. "Umejuaje kwamba ni mdogo wako?"

Harufu ya udongo mbichi ilijaa chumbani. Maandishi yakaja polepole: Tangu lini mtoto akaitikia shikamoo ya babu? Nilikuwa humu chini kabla ukoo wenu haujajua kuchimba.

Chacha akazima umeme wa kabati. Taa zote za swichi zikafa, Paskalia akauchomoa na waya wa konsoli akautupa sakafuni, lakini kioo kiliendelea kuandika, na kutoka kwenye kabati lisilo na umeme ikasikika sururu ikigonga mwamba, mbali kwanza, kisha karibu, kisha chini kabisa ya nyayo zao, huku maneno yakijipanga: Nisalimie inavyopasa, au mumeo nabaki naye.

"Usithubutu, dada," Chacha alisema. "Ukimpa shikamoo, umempa ukubwa."

"Na Donatus je?"

Chacha akamsogezea kompyuta.

Paskalia akapiga magoti kwenye saruji kama mama yake alivyomfundisha kuwasalimu wazee. Alilichukia jambo hilo kwa moyo wake wote. Akaandika: Shikamoo, babu.

Hakujibiwa. Kioo kilirudi kuonyesha swichi tatu. Chacha akawasha umeme, na mbali huko feni zikaanza kunguruma. Paskalia alilia kwa furaha akakimbilia mdomo wa shimo.

Winchi iliwatoa wachimbaji mmoja mmoja, wakikohoa, wazima wote. Donatus alitoka wa mwisho. Akamkumbatia. Mwili wake ulikuwa wa baridi, unanuka udongo mbichi, na kabla Paskalia hajafungua mdomo, alimwekea kiganja kichwani kama anavyowekewa mtoto.

"Marahaba," alisema. "Marahaba, mjukuu wangu."