Kirafu cha Waya

Mchana ule mtaa wa maduka ya vifaa vya umeme ulikuwa umefurika. Kila duka lilipiga redio yake, kila muuzaji alitaka asikike peke yake. Katikati ya kelele hizo alipita mwanamke mwembamba, gauni lake la maua ya samawati limegandana na mgongo kwa jasho, kikapu mkononi, akiuliza swali lile lile duka hadi duka.

“Samahani, friji yako inafanya kazi?”

Walipogundua kwamba hanunui, ila anaazima ubaridi tu, walimpa mgongo. Mpaka akamfikia fundi aliyekuwa amechuchumaa nyuma ya jokofu, bisibisi mdomoni.

“Yangu inagandisha hata mawazo, dada. Una nini?”

“Dawa ya mwanangu. Friji ya nyumbani imekufa jana, na hii ikipata joto inaharibika. Nashona mapazia ghorofani hapo, nikitoka jioni nitaipitia.”

Fundi akasimama, utani umemtoka. “Mtoto anaumwa nini?”

“Sukari. Na figo. Na fizi.”

“Maskini! Ana umri gani?”

Kifuniko cha kikapu kikainuka. Kichwa cha kijivu kikachungulia, macho makali kama ya mtu aliyedhulumiwa urithi.

“Mwanao ana masharubu,” fundi akasema.

“Anaitwa Shangazi.”

Fundi alicheka mpaka bisibisi ikaanguka. Mshonaji alijaribu kukasirika, akashindwa.

Paka yule alikuwa wa mdogo wake, marehemu. Ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu paka alinuna kila mgeni alipokuja. Kabla hajakata roho, mdogo mtu alimshika dada yake mkono. “Usimwache Shangazi.” Ndiyo maana kila asubuhi na kila jioni mshonaji alimlisha kwanza, kisha akainua ngozi ya shingo na kumchoma sindano ya insulini.

Fundi alimletea nyumbani jokofu aliloliunga mwenyewe kutokana na mengine yaliyokufa. Alipoliwasha, aliona mshonaji ameweka kichupa cha dawa mlangoni.

“Hapa? Kila ukifungua kinapigwa na joto!”

Akakunja waya, akatengeneza kirafu kidogo kama kitanda cha mwanasesere, akakitundika ndani kabisa, kwenye ukuta wa nyuma wa jokofu. “Mahali pa mgeni wa heshima.”

Mshonaji hakuwahi kuona mtu akifanya jambo zuri hivyo kwa waya.

Wote wawili waliweka kengele za simu kwa saa za sindano. Ya jioni ikilia tu, fundi alipiga.

“Shangazi kala?”

“Kala, kanuna.”

“Na wewe?”

“Mimi sijala, wala sijanuna.”

“Basi nakuja kukulisha. Kununa tumwachie mwenyewe.”

Siku moja alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi. “Wazazi wako hawapo, mpenzi. Posa nipeleke kwa nani?”

“Kwa Shangazi.”

Akapiga magoti mbele ya paka. “Shangazi, nimekuja kwa adabu zote. Binti yenu nimempenda.” Paka akamgeuzia mgongo.

“Anafikiria,” mshonaji akasema huku akicheka, utepe wa kupimia shingoni.

Shangazi hakupata muda wa kufikiria. Alianza kunywa maji kama anashindana na bomba. Mifupa ikajitokeza mgongoni. Tone la damu lililotolewa sikioni lilionyesha sukari inapanda.

“Dawa unaihifadhi vizuri?” daktari wa wanyama aliuliza.

“Kwenye friji, Dokta. Ndani kabisa,” mshonaji alijibu kwa fahari.

“Basi ni fizi. Uvimbe wa mdomo hupandisha sukari. Tutamsafisha meno, tutaongeza dozi kidogo. Taratibu lakini. Figo zake zimechoka.”

Meno yakasafishwa, sukari ikapanda. Dozi ikaongezwa, sukari ikazidi kupanda. Ndipo mshonaji alipokuta kopo tupu la maziwa matamu jikoni, siku ambayo fundi alishinda na paka.

“Ulimpa!”

“Nilitia kwenye chai yangu.”

“Kopo zima?”

“Nilikunywa vikombe vingi, nilikuwa nakusubiri. Mama, mimi nimpe Shangazi sumu?”

“Huruma zako zitamuua. Ulimwona amekonda, ukamwonea huruma. Sema!”

“Siwezi kusema nisilolifanya.”

“Basi usiseme. Nenda.”

Akaenda. Kengele ya jioni ililia, simu yake haikufuata.

Baadaye mshonaji alipiga mwenyewe. “Njoo uchukue sanduku lako la vifaa.” Sauti ilikuwa kavu, lakini fundi alivaa lile shati jeupe.

Alimkuta chumbani amekaa sakafuni, Shangazi mapajani. Paka sasa alikuwa amesusa chakula. “Liko jikoni,” mshonaji alisema bila kugeuka.

Jikoni fundi alisikia kiu. Akafungua jokofu atafute maji. Nyanya iliyogusa ukuta wa nyuma ilikuwa ngumu kama jiwe. Mkono wake ukaenda taratibu kwenye kirafu. Kichupa kilikuwa kimevaa ukoko wa barafu, na dawa ndani imeganda.

Yeye ndiye aliyemwonya kila mteja: usiweke ukutani kitu usichotaka kigande. Siku ya kirafu hakuwa fundi, alikuwa mwanamume anayependa.

Mlango ulikuwa mkononi mwake. Akiufunga, zitalaumiwa fizi, zitalaumiwa figo, na kopo la maziwa litasahaulika siku moja. Akauacha wazi.

“Njoo uone,” akaita. “Ni mimi.”

Mshonaji alikitazama kichupa, kisha akakitazama kiganja chake.

“Asubuhi nilikuwa naikuta hivi,” alinong’ona. “Naiyeyusha mkononi kabla ya kumchoma. Nikidhani ndiyo friji nzuri.”

“Ikiganda hata mara moja, nguvu yake imekwisha,” fundi akasema.

Walikimbia naye kliniki. Dawa mpya ikaishusha sukari kama mtu anayeshusha mzigo, lakini figo zilikuwa zimekwisha kata tamaa. Shangazi alifia mezani, kafunikwa kipande cha pazia, kanuna mpaka mwisho.

Waliporudi, barazani kwa mshonaji, fundi alisema, “Nilipeleka posa. Sasa nani atanijibu?”

“Nimekusamehe la waya,” mshonaji akasema. “La maziwa nakuomba unisamehe wewe.”

“Nilishasamehe. Kwa hiyo?”

“Nakupenda. Hilo halijapoa. Lakini nikikutazama naona kirafu, na wewe ukinishika mkono utakumbuka kiganja kilichokuwa kinayeyusha. Nani atamfariji mwenzake?”

“Tutazoea.”

“Mimi sitaki kuzoea. Niliambiwa nisimwache.”

Fundi alikwenda jikoni kuchukua sanduku lake, akashusha ubaridi wa jokofu, akakitoa kirafu na kukinyoosha mpaka kikarudi kuwa waya.

Jioni kengele ililia kwenye chumba chenye vipande vya mapazia. Ikalia pia upande wa pili wa mji, nyuma ya jokofu bovu. Kila mmoja aliishika simu, akaiangalia, akaiacha ilie mpaka ichoke yenyewe. Hakuna aliyeifuta. Kesho asubuhi italia tena.